Picha ndani ya kanisa lenye giza, bila tripodi (Malindi na Lamu)

LenziYaBarani

Wadau salaam. Swali la picha za ndani ya kanisa huzuka kwenye nyuzi za harusi na za utalii, likajibiwa nusunusu, likazama. Tulipe uzi wake.

Tripodi kanisani ni taabu. Njia ya kati ni nyembamba, watu wanajikwaa, vigae vinakwaruzika. Na pale panaposimamiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, mfano kanisa dogo la Wareno hapa Malindi, ukitua na miguu mitatu utaonekana umekuja kwa kazi ya biashara na utaulizwa kibali. Basi inabaki mikono.

Kanuni ninayoisimamia ni hii: chenga (zile punjepunje za picha ya gizani) zinasafishika, mtikisiko hausafishiki. Picha ya ISO 6400 (ISO ni wepesi wa sensa kwa mwanga) yenye chenga bado ina nyufa za mbao na nyuzi za kitambaa cha altare. Picha ya ISO 400 iliyopigwa kwa 1/4 ya sekunde huku mkono unacheza imepoteza vyote hivyo, na hakuna programu itakayovirudisha. Kwa hiyo fungua tundu la lenzi mpaka mwisho (namba ya f iliyo ndogo kabisa), weka kasi ya shata isiyoshuka chini ya kiwango chako, kisha acha ISO ipande itakapofika.

Kiwango cha kasi kinapatikana hivi: chukua urefu wa fokasi, zidisha kwa 1.5 kama sensa yako ni APS-C, ile ndogo ya kamera nyingi (Canon ni 1.6), halafu moja gawanya kwa jibu lake. Lenzi ya 18 inatoa 1/27, weka 1/30. Ya 55 inatoa 1/80 hivi.

Sasa tazama inavyouma. Kanisa la madirisha machache, mchana, taa zimezimwa, aghalabu litataka f/2.8, 1/60, ISO 3200 au karibu na hapo. Lenzi ile inayokuja na kamera, ikiwa kwenye 18, itakupa f/3.5, 1/30, ISO 2500. Hiyo unaishi nayo. Ukiivuta mpaka 55 tundu linabana hadi f/5.6 na kasi inapanda hadi 1/80, na ISO inaruka hadi 16000 na zaidi kidogo. Karibu mara saba, kwa sababu umezungusha pete tu. Songa mbele kwa miguu. Kama lazima upige kwa mbali, lenzi ya 50 f/1.8 itafanya kazi hiyo hiyo kwa ISO 1600 hadi 2000, na kwa kawaida ni ya bei nafuu.

Kizuia mtikisiko cha ndani ya lenzi au kamera kinasaidia. Kwenye boksi wameandika hatua nne au tano (kila hatua ni mwanga mara mbili au nusu), wewe hesabu mbili au tatu: pa 1/30 utaweza 1/8, na 1/4 ukiegemea. Lakini kinazuia mkono wako peke yake. Padre akigeuza kichwa kwa 1/8, kichwa kitakuwa moshi.

BintiMambrui

Ahsante kwa hesabu. Mimi nina hiyo hiyo 18-55. Wasiwasi wangu ni mbili. Nikifungua f/3.5, je, mabenchi ya mbele na altare vitakaa wazi pamoja? Nimesoma kwamba majengo yapigwe f/8. Pili, ISO 6400 kwenye sensa ndogo inachapishika kweli, au ni ya kuwekwa Instagram tu?

Fundi_Sensa

Dada, ile f/8 ni ya watu wenye tripodi. Kwa lenzi pana hauihitaji.

Milimita 18 kwa f/3.5 kwenye APS-C: weka fokasi kwenye kitu kilicho mita 4.6 kutoka ulipo, na kila kitu kuanzia mita 2.3 hadi ukuta wa mwisho kitakaa wazi. Kwa sensa kubwa (full frame), milimita 24 na f/2.8, fokasi iwe mita 7, utapata kuanzia mita 3.5. Kinachotakiwa ni benchi la kwanza kwenye fremu lisikukaribie zaidi ya hapo. Ukilitaka karibu zaidi, ndipo ubane tundu na ulipe kwa ISO.

Fokasi ya otomatiki gizani inahangaika kwa sababu inatafuta tofauti ya mwanga, na ukuta mweupe hauna tofauti yoyote. Ielekeze kwenye ukingo: pindo la kitambaa cha altare, fremu ya dirisha, msalaba mweusi juu ya chokaa. Ikishika, ifunge, hamishia kwenye fokasi ya mkono (MF), usiiguse tena mpaka ubadilishe mahali. Na zima ile taa ya kusaidia fokasi. Ni nyekundu au ya machungwa, inawamulika watu usoni katikati ya sala.

Kuhusu kuchapisha: faili ya megapikseli 24 kwa ISO 6400, ukubwa wa A4, inachapishika vizuri, kwa masharti mawili. Iwe RAW (faili ghafi ya sensa, si JPEG), na iwe imepata mwanga wa kutosha pale pale. Wengi wanaogopa 6400, wanapiga 1600 picha nyeusi, halafu wanaiinua hatua mbili kwenye kompyuta. Hapo hawajaokoa kitu: mwanga ulioingia ni ule ule mdogo, na kwa kamera nyingi za zamani chenga zinatoka mbaya kuliko wangepiga 6400 tangu mwanzo, tena na mistari ya zambarau kwenye pembe za giza.

LenziYaBarani

Hapo kwenye kuinua nakubaliana naye kabisa.

Sasa mwili. Viwiko vibanwe mbavuni. Mkono wa kushoto ubebe lenzi kwa chini, usiishike kwa ubavu. Mkanda uvute shingoni mpaka ukaze. Toa pumzi nusu, simama hapo, bonyeza kwa kukamua taratibu. Weka kamera kwenye mfululizo na upige fremu nne au tano bila kuachia. Ya kwanza ina mshtuko wa kidole kubonyeza, ya mwisho ina mshtuko wa kuachia, za katikati ndizo nzuri. Zikague kwa kukuza asilimia mia kabla hujaondoka pale, maana kioo kidogo cha nyuma huonyesha kila picha kama iko sawa.

Kanisa lenyewe limejaa vitu vya kuegemea. Nguzo: bega moja ligande, au ubavu wa kamera ubanwe kwenye nguzo kwa kiganja. Mgongo wa benchi: kaa benchi la nyuma yake, viwiko juu ya mbao, unafika 1/8 bila kizuia mtikisiko. Kwa dari, laza kamera sakafuni lenzi ikitazama juu, chini yake kikoi kilichokunjwa, taima ya sekunde 10 ili wewe mwenyewe utoke kwenye fremu. Hapo shata inaweza kukaa sekunde mbili, ISO 100, chenga hakuna. Kamera ikishatulia hivyo zima kizuia mtikisiko, hasa kwenye lenzi za zamani. Zingine hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta zenyewe.

Halafu kuna kamba. Bolti inayoingia kwenye tundu la tripodi chini ya kamera, kamba isiyovutika ya mita 2 imefungwa kichwani mwake. Unakanyaga ncha, unavuta kamera juu mpaka kamba inakaza. Inakata mtikisiko wa juu na chini. Ukiifanya kitanzi kikubwa na kukanyaga kwa miguu yote miwili, inapungua hata ile ya kuyumba kando. Inakunjwa, inaingia mfukoni, haimzuii mtu kupita.

Mkunguni

Salaam kutoka Lamu. Kwenye bolti ongeza tahadhari, mkuu. Tundu la kamera ni robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Dukani watakupa M6 kwa sababu ndiyo iliyojaa, na kwa macho zinafanana. M6 ni milimita 6 kamili na hatua yake, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ni milimita 1. Ya kamera ni 6.35 na hatua ni 1.27. Itaingia mzunguko mmoja ikilegea, ukiilazimisha inakula nyuzi za kamera, na tundu lile kulitengeneza si rahisi. Nenda na bamba la tripodi yoyote kama kipimo, ujaribu nati ya bolti unayouziwa kwenye skrubu yake. Na bolti isizame zaidi ya milimita 5. Ndefu inagonga mwisho wa tundu. Ikizidi, jaza kwa washa (zile pete bapa za chuma).

Mimi hupendelea mfuko. Kitambaa cha jinzi au turubai, sentimita 20 kwa 15, ujazwe robo tatu tu, usivimbe. Kamera inazama ndani yake juu ya mgongo wa benchi au kizingiti cha dirisha, inakaa pembe unayotaka. Watu hujaza kunde au choroko. Kwa unyevu wa Pwani hii baada ya muda ni fukusi na harufu. Tumia punje za plastiki, au mchele uliofungwa kwanza ndani ya mfuko wa plastiki mzito. Kilo moja inatosha kamera na lenzi ya kawaida.

Kwaya_Alto

Niseme upande wa waumini, kwa vile sisi tuliopo mbele ndio tunaoona yote.

Muone paroko au katekista kabla, si siku ile ile Misa ikiwa imeanza. Muulize mpaka wapi unaruhusiwa kufika. Kwa kawaida ngazi za altare ndio mpaka. Wakati wa mageuzo usitembee wala usipige mfululizo. Shata ya kelele kwenye kanisa lililonyamaza inasikika hadi mlangoni. Flashi usiiwashe kabisa. Na usitegemeze simu au kamera juu ya Biblia, Misale wala tabernakulo. Nimesikia mtu akishauri vitabu vya nyimbo kama tegemeo. Omba kwanza.

Kuhusu kasi: msomaji aliyesimama mimbarini 1/60 inamtosha. Maandamano ya kuingia, 1/160. Kwaya ikianza kuyumba na kupiga makofi, 1/60 itakupa viganja vyenye ukungu, anza 1/125.

BintiMambrui

Hapo kwenye 1/125 nina tatizo. Nikitumia shata ya kimyakimya ili nisisumbue, picha inatoka na mapande ya giza na mwanga, mlalo, kama mabati. Kwa mwanga wa dirisha halitokei.

Fundi_Sensa

Ni taa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za mirija na LED za bei ya chini zinawaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Macho hayaoni. Shata ya kimya haisomi sensa yote kwa pamoja, inaisoma mstari kwa mstari, na kila mstari unakutana na taa ikiwa katika hali yake. Ndiyo hayo mabati.

Dawa ni kasi inayomeza mapigo kamili: 1/100, 1/50 au 1/25. Kwa kwaya weka 1/100, ndiyo ya haraka zaidi iliyo salama. Kwa 1/125 mabati yanaanza kuonekana, 1/250 ni mabaya. Kwa shata ya kawaida mabati hupungua kwa kasi hizi, lakini fremu moja itakuwa angavu na inayofuata imefifia na kugeuka rangi. Kama kamera yako ina kipengele cha kuzuia mpepeso kiwashe, inasubiri taa ifike kileleni ndipo ifungue.

Na rangi usijisumbue nazo pale pale. Mwanga wa mchana ni Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 5500 hivi, balbu ya njano 2800, mshumaa unashuka chini ya 2000. Vyote viko kwenye fremu moja na hakuna namba itakayovipatanisha. Piga RAW, ukifika nyumbani sawazisha kwa kitambaa cha altare ikiwa ni cheupe, uache mishumaa ibaki ya njano. Ikiwezekana, omba taa zizimwe nusu saa. Dirisha peke yake lina picha nzuri kuliko dirisha na mrija wa kijani.

MpigaNaSimu

Na sisi wa simu je?

LenziYaBarani

Simu inaweza, karibu. Futa kwanza kioo cha lenzi kwa kitambaa safi. Hapa chumvi na jasho haviishi, na kila mshumaa utaota mbawa. Tumia kamera kuu tu. Ile pana zaidi ina sensa ndogo na tundu dogo, gizani inatoa uji. Hali ya usiku inapiga fremu nyingi na kuziunganisha kwa sekunde moja hadi tatu, kwa hiyo iegemeze kwenye mgongo wa benchi na utumie taima ya sekunde 3. Gusa skrini mahali penye mwanga wa wastani, uburute mwanga chini kidogo mpaka dirisha lirudishe umbo lake. Watu wanaotembea itawafanya vivuli. Hapo zima hali ya usiku.

Fundi_Sensa

Hicho simu inachofanya, kamera pia inaweza, na hapa natofautiana kidogo na mwenye uzi. Kupandisha ISO si mwisho wa safari. Piga fremu 9 mfululizo kwa mkono, ISO 6400, hali ya M (mwanga unaupanga mwenyewe), bila kusogea, kisha zichanganye kwa wastani. Chenga hubadilika kila fremu, ukuta haubadiliki, kwa hiyo wastani unazilaza chenga na kuuacha ukuta. Zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: fremu 4 zinazibakisha nusu, 9 theluthi. Fremu 9 za ISO 6400 zinakaribia ISO 700. Hiyo ni tripodi ya bure.

Programu ni za bure pia. Geuza RAW zote kuwa TIFF kwa marekebisho yale yale, weka Hugin na ImageMagick, kisha andika kwenye dirisha la amri (terminal):

align_image_stack -a sawa_ *.tif
magick sawa_*.tif -evaluate-sequence mean tayari.tif

Ya kwanza inazipanga ili zilaliane, kwa kuwa mkono haukai pamoja. Ya pili inazichanganya. Kama kuna mtu amepita katikati ya kupiga, badala ya mean andika median, atafutika mradi hajasimama sehemu moja kwenye fremu nyingi. Kinachoharibu zoezi hili ni kuhama mguu. Kamera ikisogea hata nusu hatua, nguzo ya karibu inahama dhidi ya ukuta wa mbali na hazipangiki tena.

Dirisha la vioo vya rangi lina shida nyingine: tofauti yake na mabenchi inazidi uwezo wa sensa. Kama dirisha ndiyo habari, lipime lenyewe, acha kanisa liwe jeusi. Kama unataka vyote, piga fremu tatu, hatua −2, 0 na +2 za mwanga. Angalia ile ya +2: kama ya kati ni 1/60, yenyewe ni 1/15, kwa hiyo egemea. Usizidishe kuunganisha mpaka vivuli vyote viishe. Kanisa lina giza, na picha ilionyeshe giza lake.

BintiMambrui

Hilo la mwisho nalishika. Mwenye uzi, umelitaja kanisa la Wareno. Lina nini cha pekee kwa mpigaji?

LenziYaBarani

Ndilo linalohusishwa na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyepita Malindi 1542 akielekea India. Ni dogo sana, kuta za chokaa nyeupe, paa la makuti, na makaburi nje ndani ya ua. Kipima mwanga kinachanganyikiwa humo. Ukuta mweupe ukijaa kwenye fremu, kamera inafikiri kuna mwanga mwingi na kuufanya wa kijivu: ongeza hatua +0.7 hadi +1. Ukiinua kidogo makuti yakaingia, inafikiri kuna giza na kuunguza ukuta: punguza −0.7. Ndiyo maana nasema tumia hali ya M. Pima ukuta mara moja, weka +1, usibadili tena.

Katika jengo dogo kama hilo mlango ndio dirisha kubwa kuliko yote. Wengi husimama katikati ya mlango wapate chumba kizima, na miili yao inaziba mwanga waliokuja kuutafuta. Simama kando, bega kwenye ukuta wa ndani, mwanga upite mbele yako. Ukuta wa mkabala unaurudisha kama kioo, na mikwaruzo ya chokaa inasimama kwa sababu mwanga unaikwangua kwa upande.

Saa nazo. Sisi tuko nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi na Septemba jua la adhuhuri liko utosini na haliingii dirishani hata kidogo. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini. Kwa hiyo saa sita ni saa ya kupumzika. Nenda saa mbili hadi saa nne asubuhi, au saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Chukua dira ya simu, ujue altare imeelekea wapi. Kama dirisha la nyuma ya altare liko mashariki, asubuhi litakutia upofu, mchana litakuwa laini. Kwenye makanisa yenye matofali ya matundu, jua la moja kwa moja linatupa madoa makali kwenye mabenchi. Subiri wingu lipite. Wakati wa kusi mawingu hayakosekani.

Mkunguni

Haya yote yanafaa na majumba ya mawe huku kwetu. Upana wa chumba umeamuliwa na urefu wa boriti za mkoko, mita tatu hata hazifiki, na mwanga unatoka kiwandani tu, yaani uani, ukififia kadiri unavyoingia ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya nakshi ukutani. Pale milimita 18 ya APS-C hubana, 16 au chini yake ndiyo inakaa. Usizipige zidaka uso kwa uso mwanga ukiwa nyuma yako, nakshi zinalala. Kaa ubavuni mwa mlango, mwanga uzipitie kwa upande.

Na jambo la Pwani nzima: kamera iliyokaa kwenye gari au chumba cha kiyoyozi ikiletwa kwenye joto letu inatoka jasho, kioo cha mbele na wakati mwingine cha ndani. Kukifuta hakusaidii, kinarudi. Iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa ipate joto taratibu. Mwenye miadi ya Misa ya asubuhi aitoe mapema.

MpigaNaSimu

La mwisho. Kuta zangu zote zinaangukia ndani, kama kanisa linainama nyuma.

Fundi_Sensa

Umeinua kamera kutazama juu. Ikiinuka tu, mistari ya wima inakutana. Washa gridi na alama ya usawa, shika simu wima kabisa, rudi nyuma mpaka dari iingie. Sakafu itakuwa nyingi, utaikata. Pakikosekana nafasi ya kurudi, panda roshani ya kwaya kama umeruhusiwa: ukiwa katikati ya kimo cha jengo, kamera inatazama mbele bila kuinuliwa. La sivyo nyoosha kwenye programu, na uache nafasi pembeni wakati wa kupiga, kwa sababu kunyoosha kunakula kingo, na kinachokatwa kwanza ni pembe za juu.

MpigaNaSimu

Gridi nimeiona, iko kwenye mipangilio ya kamera. Jumapili baada ya Misa ya pili katekista ameniruhusu nusu saa. Nitaweka hapa faili zote, na zile mbovu pia, mzikague.